Kabla ya Pazia na Kitanda, Lala Chini Uangalie Chasisi

Oyawore, mulembe, chamgei, na nyinyi mmeshuka kutoka Nakuru na baridi yenu karibuni sana Kisumu. Nawashukuru wazee wa jua kali walionipa hii nafasi, na nyinyi vijana mmekuja na ovaroli bado ziko na grisi, msione aibu, hiyo ndio nguo inafaa kwa haya maneno ya leo. Nimeombwa niongee juu ya kugeuza basi nzee iwe nyumba ya kutembea, na nitaongea kama fundi wa bodi manake hiyo ndio kazi yangu, nimejenga bodi za matatu kule Nakuru miaka mingi kabla nianze kung'oa viti na kuweka jikoni mahali manamba alikuwa anasimama.

Wengi wenu mmeona zile video za Wamarekani. Jamaa ananunua basi ya shule, ile ya njano, anatoa viti, anaweka kitanda na sinki na mbao safi ukutani, halafu yeye na mkewe na watoto wanaingia barabara. Ni kazi nzuri na mimi huziangalia sana. Lakini ile basi yao imezaliwa tofauti na yetu. Mwaka 1939 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, Frank Cyr, aliita watu wa elimu na watu wa viwanda New York wakakubaliana vipimo vya basi za shule, hata ile rangi ya njano ikatoka hapo, na baadaye serikali yao ikaongeza sheria za nguvu ya bodi. Kwa hivyo mtu wa Texas akinunua basi iliyotumika Ohio anajua kitu anapata. Sisi hapa, basi ni lori. Hiyo NQR ya watu 33 unapanda kwenda Busia, hiyo FRR kubwa ya kwenda Nairobi, ilitoka Isuzu ikiwa chasisi ya lori, yaani fremu ya chini ya chuma, na injini na magurudumu tu, halafu ikaingia yadi ya fundi wa bodi akaijengea skwea tubu, yale mabomba ya chuma ya mraba, na bati na vioo. Saa hii kuna kipimo cha KEBS, lile shirika la viwango Kenya, cha bodi za abiria, KS 372, lakini hizo zimezeeka za kuuzwa bei ya chini nyingi zilijengwa wakati kila yadi ilikuwa na mkono wake. Ingine mkono mzuri, ingine unakuta nguzo za dirisha zimechomewa alama mbili tu kama mtu alikuwa anakimbilia chai.

Sasa ndio maana nasema, kwa basi ya kwetu lori inakuja kwanza, bodi ya pili, nyumba ya mwisho. Mtu akija kwangu na picha za mapazia na taa za rangi namkaribisha vizuri, namketisha, halafu namuuliza gari imelala wapi tuende tuiangalie chini.

Tuanze hapo chini basi. Beba tochi, nyundo ndogo, bisibisi nzee na sumaku. Lala chini uangalie reli mbili za chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, ugonge na nyundo polepole, chuma kizima kinalia, chuma kimeoza kinatoa sauti nzito na vumbi jekundu linaanguka usoni. Angalia pale springi zinashika, angalia krosimemba, zile chuma za kukatiza kati ya reli mbili, angalia kama kuna mahali reli ilikatwa ikaunganishwa tena ili basi iongezwe urefu, manake kuna watu walifanya hiyo ili waongeze laini mbili za viti. Ukiona kiungo kama hicho na hujui kilifanywa na nani, achana na hiyo gari hata kama bei ni tamu. Reli ya chasisi hainitishi ikiwa na kutu ya juu juu, hiyo unapiga brashi ya waya na grainda, unapaka red oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili na mafuta mazito juu. Kutu inayonitisha ni ile inatoka maganda kama maganda ya mti, ukidunga bisibisi inaingia.

Bodi nayo unaanza na ngazi ya mlango, manake hapo ndio maji ya viatu vya abiria yamekuwa yakiingia miaka yote. Halafu vibanda vya magurudumu, halafu chini ya madirisha, halafu paa pale boliti za keria, ile ya kubebea mizigo juu, zinapita. Peleka sumaku polepole ukutani nje, mahali inaachilia ujue chini ya rangi kuna fila, ile pasta ya kuziba, badala ya bati, na fila ikiwa nene hivyo ujue chini yake kuna shimo. Toa pia kipande cha sakafu. Muuzaji akikataa kabisa usitoe hata plaiwudi moja ya sakafu uone chini, mshukuru uende, kuna basi zingine.

Na hizi reli za chasisi, vijana, naomba mnisikie vizuri kwa hii: usitoboe wala usichomee ile midomo ya reli, ya juu na ya chini. Hapo ndipo uzito wote unavutana gari ikiruka tuta, ukitoboa tundu hapo unaanzisha ufa, na ufa unatembea. Ukitaka kufunga tangi ama boksi la betri tumia matundu yaliyoko tayari kwa ule upande uliosimama, ama tumia yubolti, boliti iliyopindwa kama herufi U, na kipande cha mbao ngumu au chuma ndani. Nguzo za kati ya madirisha nazo usizikate. Mtu anataka dirisha moja kubwa la kuona ziwa, naelewa, ziwa letu ni zuri, lakini hizo nguzo ndizo zimeshika paa, na gari ikipinduka ndizo zinaamua kama nyinyi mnatoka. Ukilazimika kutoa moja, weka chuma kingine chenye nguvu zaidi kuzunguka hilo tundu lote, na hiyo ifanywe na fundi wa bodi, isifanywe na fundi wa mageti.

Tuingie kwa uzito, hapa nitakaa kidogo. Watu husema basi ilikuwa inabeba watu 33 na mizigo, itashindwaje na kitanda? Haya tupige hesabu. Watu 33 wa kilo 70 ni kilo 2,310, weka na magunia ya keria. Ukitoa watu na viti umepata nafasi nzuri ya uzito, ni kweli. Lakini abiria walikuwa wamepangwa sawasawa kulia na kushoto, mbele hadi nyuma, na steji ikifika wanashuka. Nyumba haishuki. Springi zinabeba huo uzito mchana na usiku, mwaka mzima. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, ni karibu kilo 30, na ndani ya basi shiti kumi zinaisha mbio sana. Lita moja ya maji ni kilo moja, tangi ya lita 500 ikijaa ni nusu tani umeketisha upande mmoja. Nimeona mtu ameweka granaiti jikoni, na mita moja ya mraba ya granaiti ya sentimita 2 inapita kilo 50, na hiyo granaiti, friji, tangi na betri vyote viko upande wa dereva. Hiyo gari ukiitazama kutoka nyuma imeinama hata kabla haijawashwa.

Kwa hivyo vitu vizito viweke chini na karibu na ekseli ya nyuma, ugawe kulia na kushoto. Maji tumia tangi mbili ndogo badala ya moja kubwa, manake tangi kubwa ikiwa nusu maji yanaenda mbele na nyuma ukifunga breki, unasikia gari inasukumwa. Kabati tengeneza na fremu nyembamba na plaiwudi ya milimita 9. Ukimaliza mbao na kabla ya rangi, peleka gari kwa mizani, hata hawa watu wa kusaga mahindi wako na mizani ya malori, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, halafu ulinganishe na kile kibati cha Isuzu kinachosema gari inabeba ngapi. Nasisitiza hii kwa sababu ya barabara zetu. Ukitoka hapa Kisumu uko mita kama 1,130 juu ya bahari, ukitaka kupita Timboroa unapanda hadi zaidi ya mita 2,700, na kila mlima uliopanda lazima uushuke. Mnajua ule mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa na watu wametuacha pale. Nyumba yenye tani nyingi inashuka na gia, kwa ekzosti breki, ile inayoziba moshi wa injini ili gari ipunguze mwendo, polepole, haishuki na niutro wala haitegemei pedali peke yake. Breki, matairi na springi zifanyiwe kazi kabla hujanunua hata msumari wa nyumba. Pesa ikiisha baada ya hapo uko na gari nzima, unaweza kulala kwa godoro chini huku ukitafuta zingine.

Mlango wa dharura usiuzibe. Karibu kila mtu anataka kitanda kiwe nyuma kabisa, na kwa basi nyingi hapo nyuma ndio kuna njia ya kutokea. Weka kitanda kwa njia mtu anaweza kupiga teke akatoka, gizani, na moshi ukiwa ndani. Njia mbili za kutoka, hiyo kwangu haina mjadala.

Na nikigusa moshi, gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inashuka inakaa sakafuni inangoja cheche. Kwa hivyo mtungi, uwe wa kilo 6 ama 13, ukae kwa boksi lake la chuma linalofunguka nje tu, limefungwa kabisa upande wa ndani, na chini yake kuwe na matundu ya kutolea gesi kwenda barabarani. Paipu ipite mahali unaweza kuiona. Ukimaliza kupika funga kwa mtungi, usifunge kwa jiko peke yake. Jiko la makaa halilali ndani ya basi hata siku moja, hata Timboroa, hata mvua inyeshe vipi, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Ile hewa ya makaa haina harufu na haina rangi, na basi ni chumba kidogo chenye bati pande zote. Tumezika watu Kenya hii kwa sababu ya jiko lililoingizwa ndani kufukuza baridi. Nunua ile kengele ndogo ya kaboni monoksaidi uiweke karibu na kitanda, na mtungi wa kuzima moto karibu na mlango.

Umeme sitachukua muda mrefu manake mafundi wa sola wamejaa hapa na wananishinda. Jambo moja tu la gari: hizi Isuzu kubwa ni volti 24, betri mbili zimeunganishwa, na vijana wengi wananunua vitu vya volti 12 halafu wanavuta waya kutoka kwa betri moja tu. Hiyo inaua hiyo betri moja polepole na asubuhi unaomba watu wakusukume. Fanya nyumba yako pia iwe volti 24, waya inakuwa nyembamba, manake wati 480 kwa volti 24 ni ampia 20, kwa volti 12 ni ampia 40. Betri za nyumba ziwe kando, zisimalize zile za kuwasha injini, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kabla waya haijaanza safari. Paneli lalisha tu juu ya paa na uiinamishe kidogo mvua iioshe, ikweta inapita hapo Maseno, jua letu liko juu ya kichwa, hatuna haja ya zile stendi za Ulaya. Paneli za wati 400 ukipata masaa matano ya jua zuri ni wati-saa 2,000, unapoteza kidogo njiani, inabaki ya taa, simu, kompyuta na friji ndogo. Pasi na birika la umeme wachia nyumba ya plot.

Joto mnalijua wenyewe, bati la Kisumu saa nane mchana. Paa ipakwe nyeupe, juu kuwe na feni ya kutoa hewa, na kati ya bati na mbao weka insulesheni. Wengi wanatumia stairofomu kwa sababu ni bei rahisi, lakini ikishika moto inatoa moshi mweusi mbaya sana, mimi naweka rokwulu, ile pamba ya mawe, hata kama inawasha mikono, na naifunika vizuri. Usiache nafasi kati yake na bati, manake ukilala mahali pa baridi pumzi yako inaenda kuwa maji kwa lile bati, yanashuka ndani ya ukuta, na ile kutu tuliyotoa mwanzo inarudi kutoka ndani mahali huioni. Madirisha yote wavu wa mbu, wa ile matundu madogo. Huku ziwani malaria haijaisha.

Choo tumia kikavu, mkojo kando na kikubwa kando, unamwagia vumbi la mbao ambalo maseremala wanatupa bure. Haina harufu kama imefanywa sawa na haihitaji tangi nzito ya maji. Lakini usije ukamwaga uchafu kwa mtaro wala kwa ziwa, hata maji ya sabuni ya vyombo. Hiyo hiasinti, lile gugu la maji, mnaiona imefunga boti za wavuvi inanenepa na mbolea na uchafu tunaoutelemsha wenyewe. Na nikiwa hapo kwa ziwa, ukienda kuegesha kandokando ya maji ulizia wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2020, mwaka Ziwa Victoria lilipanda likaingia kwa nyumba za watu, na Nakuru na Baringo na Naivasha vilevile. Gari inaweza kusonga, lakini matope yakishashika tani saba usiku hayaachilii.

Karatasi. Hapa vijana wengi wanalegea. Gari ikinunuliwa kutoka sako, ule ushirika wa wenye matatu, itolewe kwa mambo ya PSV, yaani gari ya kubeba abiria, jina libadilishwe, na mabadiliko ya bodi na ya rangi yaandikishwe NTSA, wale wasimamizi wa usafiri, na gari ipitie inspekshen, halafu ndio bima. Ukibaki na logibuku inayosema basi ya abiria na ndani kuna kitanda, siku ya ajali kampuni ya bima itakuuliza maswali huna majibu. Ile laini ya njano tuliyoletewa na sheria za Michuki mwaka 2004 ni ya gari ya abiria, yako si ya abiria tena, ipake rangi. Na leseni ya gari ndogo haikutoshi kuendesha hii kitu, tafuta klasi yake ufanye mtihani.

Sasa wazee wangu mnipe dakika moja niseme kitu kilicho moyoni. Mimi inaniuma nikipita kwa watu wa vyuma chakavu nikiona FRR nzima inakatwa na gesi, chasisi bado iko sawa, injini ya 4HK1 ambayo mkanika yeyote wa kutoka hapa hadi Malaba anaijua akiwa amefumba macho, inauzwa kwa kilo. Sako inaacha gari kwa sababu abiria wanataka mpya yenye skrini na muziki, na hiyo ni biashara, siwalaumu. Lakini hiyo gari bado iko na maisha. Kuna wauguzi wa kliniki za vijijini, kuna watu wa nyuki wanaofuata maua, kuna watu wa kutembeza wageni msitu wa Kakamega na Bogoria, kuna mwalimu amestaafu na anataka kuona hii nchi aliyofundisha watoto kwa ramani. Wote hao wanaweza kutumia gari kama hii. Na kazi yake haitaki mtu aje kutoka nje. Mkanika yuko hapa, welda yuko hapa, panel bita, seremala, fundi wa viti anayeshona godoro za kona, fundi wa sola, msichana wa rangi na michoro, wote mnakaa umbali wa kutembea kwa miguu. Hawa Wamarekani kwa video mtu anafanya peke yake kwa gereji miaka miwili akijifunza kuchomea kwa mara ya kwanza. Nyinyi mmechomea bodi tangu mkiwa vijana wa kushikilia tochi. Kitu tunakosa ni kukaa pamoja tukakubaliana nani anaingia kwa gari wakati gani, manake saa hii seremala anamaliza kabati halafu welda anakuja kuchoma nyuma yake na cheche zinaingia kwa mbao. Mkanika aingie wa kwanza na atoke kabisa. Welda na fundi wa bodi wafuate, rangi ya chini ipigwe, waya na paipu zipite kuta zikiwa wazi, insulesheni, halafu ndio seremala afungue sanduku lake. Na mteja aandikiwe hivyo kwa karatasi siku ya kwanza, na bei ya kila hatua, asije akaambiwa katikati ya kazi sakafu imeoza.

Wamama wako na maswali ya jikoni, nimeyaona kwa ile karatasi mlinipa, nitayajibu tukiwa ndani ya gari ili nionyeshe na mkono. Iko hapo nje kando ya kibanda cha welda, ni NQR, ilikuwa ya ruti ya Kericho, bado haijaguswa, viti viko na hata stika za manamba ziko. Mwenyewe amekubali tufungue sakafu mbele yenu. Nataka vijana wanne walale chini na nyundo, wawili kila upande, na kila mahali mnasikia sauti imebadilika mchore na chaki. Wengine wapite na sumaku nje. Tukimaliza tutahesabu chaki pamoja na mwenyewe, na tumwambie hapo hapo kama aijenge ama aiache.